Kiwanja cha Wawili, Jina la Nani?

Kama wewe na mwenzi wako mnaishi Dar es Salaam na bado mmepanga, mazungumzo yenu ya jioni nayajua. Yataanzia kwenye umeme wa LUKU ulioisha na kuishia kwenye kiwanja. Chamazi? Mbali. Bunju? Ghali. Kigamboni je?

Nimezunguka huko pembezoni, kuanzia Mbagala na Toangoma upande wa Temeke hadi Wazo na Mabwepande upande wa Kinondoni, nikipiga stori na madalali, wapangaji na waliokwishahamia kwao. Wapendanao wengi wanaulizana bei na umbali wa kutoka kazini. Wachache sana wanaulizana kiwanja kitaandikwa jina la nani. Na hapo ndipo mapenzi mengi yanapopata mtihani.

Mji unaelekea wapi?

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakawa milioni 4.4, na mwaka 2022 wakafika milioni 5.4. Yaani kila miaka 10 inaongeza watu milioni moja au zaidi, na wote wanatafuta pa kulala. Kinondoni ya karibu na Temeke ya karibu zimejaa, kwa hiyo mji unafuata barabara.

Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, Kibada na Mjimwema zilisogea karibu na mjini bila kuhama. Mwaka huohuo mwendokasi ulianza kutoka Kimara, na baadaye barabara zake zikajengwa mpaka Mbagala. Lami ikifika mahali, ujue dalali alishafika zamani.

Kwa mtazamo wangu, viwanja vya kando ya barabara hizi havitashuka bei. Vya bei poa vitaendelea kuwepo, ila kila mwaka vitakuwa mbali zaidi: Mbande, Chanika, ndani kabisa ya Mabwepande. Kabla hujafurahia bei, piga hesabu ya nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, siku sita za wiki. Halafu ongeza saa za foleni.

Kupanga si ujinga

Nyumbani watakwambia kodi ni hela ya kutupa. Si mara zote. Ila kupanga Dar kunahitaji mkwanja wa mkupuo. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 900,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Mmeshafika 1,050,000, na godoro bado lipo kwenye Kirikuu. Zaidi ya hapo, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Mwenye jengo ndiye anayedaiwa, lakini anayenunua umeme ni wewe. Lizungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kulipa.

Hata hivyo, mwaka mmoja au miwili ya kupanga inawapa muda wa kufahamiana kifedha. Nani anaweka akiba? Nani ana mikopo asiyoisema? Hayo ni bora yajulikane kabla ya tofali la kwanza.

Karatasi kabla ya tofali

Wengi wetu tunajenga kidogokidogo. Mikopo ya nyumba ipo, na tangu mwaka 2010 kuna taasisi ya TMRC inayozipatia benki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo, lakini riba bado ni ya tarakimu mbili. Basi tunajibana, tunanunua kiwanja, mwakani msingi, mwaka unaofuata kuta.

Kwa hiyo kosa la kwenye kiwanja linameza miaka yenu yote. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mafuriko ya Desemba 2011 nayo yaliwatoa watu mabondeni, na baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande. Kiwanja kilichopimwa, kama vile vya ule mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000 kule Bunju, Kibada na Toangoma, kina namba, mawe ya mipaka na njia ya kupata hati ya miaka 33, 66 au 99. Muhuri wa serikali ya mtaa pekee si hati, jamani.

Sasa, jina

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivi: mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, itachukuliwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kwamba mna haki sawa. Umeona tofauti ya mstari mmoja?

Sheria hiyohiyo inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali. Ni faraja, ila ni ya kutafutwa mahakamani, ndoa ikiwa imeshavunjika.

Na nyie mnaoishi pamoja bila ndoa? Mkikaa miaka 2 au zaidi na watu wakiwatambua kama mume na mke, sheria inaweza kuwadhania ni wanandoa, lakini dhana hiyo hupingwa. Kwenu majina mawili ni muhimu zaidi.

Kabla ya kulipa

1. Nendeni wote wawili kukiona kiwanja. Rudini tena mvua ikinyesha.
2. Waulizeni majirani, si dalali peke yake.
3. Fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi mjue mmiliki halisi, na kama kuna rehani au kesi.
4. Muuzaji akiwa na mwenzi, naye asaini.
5. Mkataba uandikwe na mwanasheria, majina yenu yote mawili yakiwemo.
6. Lipeni kupitia benki, na mtunze kila risiti, hata ya saruji.

Mwenzi wako akinuna ukitaja majina mawili, usimgombeze. Muulize kwa upole anaogopa nini. Pengine ana ndugu waliochanga, pengine aliwahi kuumizwa. Jibu lake ulisikie kabla fedha hazijatoka benki, maana baada ya hapo mtakuwa mnaongea mkiwa na hasira, na kiwanja kimeshalipwa.