Baruti iliyobaki ndani ya tundu



Mlipuko umesikika, mwamba umeanguka. Je, baruti yote imelipuka? Sauti peke yake haitoshi kukuhakikishia.

Ndani ya tundu, mlipuko unatembea kama wimbi. Detonatere inauanzisha, kisha baruti inayolipuka inaigonga ile inayofuata nayo inalipuka. Katika nitrati ya amoniamu iliyochanganywa na mazuti, wimbi hilo linaweza kupita mita 3000 kwa sekunde moja. Lakini lazima lilishwe nguvu njia nzima. Likipungukiwa, linakufa katikati, na baruti iliyo mbele yake inabaki nzima.

Ni nini kinachoua wimbi?

1. Maji. Nitrati inayeyuka majini kama chumvi. Ikilowa sana hailipuki.

2. Tundu jembamba kupita kipimo cha baruti hiyo. Nguvu inapotelea pembeni.

3. Tope au vijiwe kati ya katushi na katushi. Safisha tundu kabla ya kujaza.

4. Nitrati iliyoshindiliwa kupita kiasi. Ikibanwa sana inakataa kulipuka.

Angalia pia moshi. Ukiwa wa rangi ya kahawia au ya machungwa, ni dalili kwamba baruti haikuungua vizuri. Moshi huo una sumu. Usiingie mpaka hewa isafishwe na mkubwa wa kazi atoe ruhusa.

Nawe mama wa nyumbani, sikiliza. Mtu aliyevuta moshi huo anaweza kukohoa kidogo tu, akarudi nyumbani na kula vizuri. Saa nyingi baadaye, hata usiku, mapafu yanajaa maji naye anashindwa kupumua. Usingoje kuche. Mpeleke hospitali upesi, na umwambie mganga kwamba amevuta moshi wa baruti.

Ukiona kitako cha tundu la zamani kwenye mwamba, usitoboe humo kamwe, wala karibu yake, hata kama kinaonekana kitupu. Baruti iliyokosa wimbi la kwanza inaweza kulipuka kwa pigo la mashine yako. Simama, weka alama, wazuie wenzako, mwite kapita na fundi wa baruti. Usiichokoe kwa chuma. Katushi au detonatere iliyookotwa isifike nyumbani, watoto wataichezea.

Baruti iliyobaki imelala tu. Usiiamshe!