Maji Yanavyolinda Matangi ya Kemikali: Mambo Ambayo Mkazi Anafaa Kujua

Wakazi wa Changamwe, Shimanzi na Miritini wamezoea kuishi karibu na matangi makubwa ya mafuta na kemikali. Tangi lililowekewa kinga ya moto huzungushiwa mabomba mfano wa mikanda, yenye pua ndogo za kunyunyizia maji. Wengi hudhani kazi ya maji hayo ni kuzima moto. Kazi yake kubwa ni kulipoza tangi ili moto wa jirani usilipasue.

Kwa nini kupoza?

Chuma kikifikia nyuzi joto 600 hivi hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Pale ambapo kuna kimiminika ndani ya tangi, chuma huchelewa kupata joto kwa sababu kimiminika hulifyonza. Hatari iko juu, penye mvuke mtupu. Hapo chuma hulegea huku shinikizo likipanda, na tangi la gesi laweza kulipuka hata kama vali yake ya usalama inafanya kazi.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Feyzin, karibu na Lyon nchini Ufaransa, tarehe 4 Januari 1966. Gesi ya propani ilivuja na kushika moto chini ya tangi. Wazimamoto walielekeza maji kwenye matangi ya jirani, wakiamini vali ingelilinda lile lililokuwa likiungua. Baada ya takriban saa moja na nusu lililipuka. Watu 18 walifariki.

Maji kiasi gani?

Kiwango cha NFPA 15 cha Marekani, kinachofuatwa katika nchi nyingi, hutaka takriban lita 10 kwa kila mita mraba ya tangi, kila dakika. Hiyo ni nusu ya mtungi wa lita 20.

Chukua tangi lenye upana wa mita 10 na kimo cha mita 10. Ubavu na paa lake ni karibu mita mraba 390, kwa hivyo linahitaji takriban lita 4,000 kwa dakika. Lori la maji la lita 10,000 litakauka kwa dakika mbili na nusu. Kwa saa moja zitahitajika lita 240,000, na hilo ni tangi moja tu.

Ndiyo maana kinga hii haiwezi kutegemea bomba la mtaa, hasa katika mji ambao mifereji hukauka mara kwa mara. Kituo chahitaji hifadhi yake ya maji, au pampu za kuvuta maji ya bahari. Pampu ya dizeli iwepo pia, kwani moto huweza kukata umeme. Vali zifunguliwe kutoka mbali, ili mhudumu asilazimike kukaribia moto. Pua nazo zijaribiwe mara kwa mara, maana chumvi ya bahari, kutu na viota vya nyigu huziziba.

Si kila kemikali hupatana na maji. Kabaidi ikilowa hutoa gesi inayowaka. Kwa hivyo msanifu huanza kwa kuuliza kilichomo ndani ya tangi. Lazima pia ajue maji machafu yatakusanywa wapi, yasije yakaingia kwenye mitaro na kuishia baharini.

Nafasi yako kama mkazi

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la huduma za zimamoto. Kwa upande wao, wenye viwanda hubanwa na Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007. Mradi mpya unapofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, wananchi wana haki ya kutoa maoni. Uliza: Maji yatatoka wapi? Yatatosha kwa saa ngapi? Yatamwagikia wapi? Pampu hujaribiwa lini?

Usijenge kibanda wala kuegesha gari kwenye njia ya zimamoto, na usichote maji kwenye bomba lao. Ukiona moto au kunusa harufu kali ya kemikali, ondoka ukielekea upande upepo unakotoka, lakini usipite kwenye moshi wala karibu na tangi. Kisha piga simu 999 au 112.