Aulizwe Mgonjwa Mwenyewe

Katika familia zetu mzee akilazwa, uamuzi una wenyewe: kaka mkubwa, baba mdogo aliyeko Mombasa, au shangazi ambaye neno lake halipingwi. Hapa England na Wales sheria haiwatambui hivyo. Kuwa mke, mume au mtoto wa kwanza hakukupi mamlaka ya kukubali wala kukataa matibabu kwa niaba ya mtu mzima. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 inamwachia mgonjwa mwenyewe aamue maadamu ana uwezo wa kuamua. Akishindwa, madaktari huamua kwa kuangalia maslahi yake, na ndugu huulizwa mzee alipenda nini, alichukia nini, imani yake inasemaje. Wanaulizwa, lakini kauli ya mwisho si yao.

Mwenye kauli ni yule ambaye mgonjwa mwenyewe amemwandika katika hati ya uwakili wa afya na ustawi, nayo ikasajiliwa serikalini. Hati hiyo huandikwa mtu akiwa na akili zake timamu, na usajili huchukua wiki kadhaa. Ukingoja mpaka mzee awe mahututi umechelewa. Ndani yake kuna kipengele ambacho wengi hukipita mbio: je, wakili aruhusiwe kuamua kuhusu matibabu ya kuokoa uhai? Kisomeni na mzee, taratibu, kwa lugha anayoielewa. Wenzetu wa Scotland na Ireland Kaskazini wana sheria zao tofauti.

Linaloniuma zaidi ni kumficha mgonjwa. Daktari anaeleza kwamba saratani imefika kwenye ini, binti anamgeukia mama yake: "Wanasema una kidonda tumboni, utapona tu." Kinachomsukuma ni mapenzi. Lakini mama aliyekwisha kuzika mume na ndugu zake anajua kusoma nyuso za watu, na sasa analijua jambo ambalo hana wa kulizungumza naye. Amenyimwa nafasi ya kusema azikwe wapi, deni gani lilipwe, nani asamehewe. Ombeni mkalimani, NHS humleta bila malipo, na binti abaki kuwa binti. Wapo pia wazee wasiotaka kuambiwa yote, na hiyo ni haki yao. Aulizwe tu: "Mama, ungependa daktari aongee na wewe, au na sisi?"

Tiba shufaa nayo inaogopwa bure. Ikitajwa hospisi, watu husikia kwamba mgonjwa amekatiwa tamaa. Kazi yake hasa ni kutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu, na inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliopewa tiba shufaa mapema waliishi kwa wastani miezi 11.6, wenzao 8.9. Hospisi za Uingereza hazimtozi mgonjwa, na sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika nyumbani kwake.

Nyumbani maana yake ni hivi. Muuguzi huja na pampu ndogo ya betri, anachoma sindano nyembamba chini ya ngozi, dawa inaingia kidogo kidogo kwa saa 24, kesho anakuja kuibadilisha. Kabatini huwekwa sanduku la dawa za tahadhari, ili maumivu yakizidi usiku wa manane muuguzi akifika asianze kutafuta duka la dawa. Mara nyingi dawa yenyewe ni mofini. Wanaodhani ni ya kumuua mgonjwa wakumbuke Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993 kwa mofini ya maji, ya bei nafuu, ya kunywa nyumbani. Mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Ikipimwa vizuri humrudishia mtu usingizi na hamu ya kuongea na wajukuu.

Mtakutana pia na fomu ya kutojaribu kuufufua moyo ukisimama. Inahusu jambo hilo moja tu. Dawa na matunzo mengine yanaendelea. Daktari anaweza kuiamua bila idhini ya ndugu, ila mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilisema mgonjwa lazima ashirikishwe, isipokuwa kama kumshirikisha kutamdhuru. Kama hamkuambiwa, daini maelezo.

La mwisho ni mazishi. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kifo kisichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo (coroner) lazima kipitiwe na daktari mkaguzi kabla ya kusajiliwa. Kwa Waislamu wanaotaka kuzika upesi, na kwa wanaosafirisha mwili kwenda Zanzibar au Kisumu, mwambieni daktari mapema, mgonjwa akiwa hai. Ulizeni ofisi ya mkaguzi hufunguliwa lini Jumamosi na Jumapili, na namba ya kupiga muiandike kabla haijahitajika.