Ng'ombe, Ardhi na Bunduki za Fizi

Mei 1975, watu wenye silaha wapatao 40 walivuka Ziwa Tanganyika usiku, wakashuka Gombe, kaskazini mwa Kigoma, na kuwateka wanafunzi wanne waliokuwa wakitafiti sokwe pamoja na mwanasayansi Jane Goodall. Walikuwa wapiganaji wa PRP, chama kilichoanzishwa na Laurent-Désiré Kabila mwaka 1967 katika milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo. Kabila alikuwa Mluba, lakini wapiganaji wake wengi walikuwa Wabembe, kabila ambalo lina ndugu Kigoma mjini na Ujiji.

Uhasama unaoitesa Fizi hadi leo ulianza kabla ya hapo, na chanzo kimojawapo ni ng'ombe. Waasi wa Simba, waliopigana na serikali ya Kongo na kuungwa mkono na Wabembe wengi, walipozidiwa nguvu katikati ya miaka ya 1960, walipanda nyanda za juu za Itombwe na kuanza kuchukua mifugo ya Wanyamulenge, wafugaji Watutsi wa Kongo. Wanyamulenge wengi wakajiunga na jeshi la Mobutu, mtawala wa nchi, kupigana nao.

Miaka thelathini baadaye zamu iligeuka. Mwishoni mwa 1998 askari wa RCD, kundi lililoungwa mkono na Rwanda na lenye makamanda Wanyamulenge, waliua mamia ya raia huko Makobola, wilayani Fizi. Tangu hapo imekuwa vigumu kumwambia kijana wa Kibembe kwamba atalindwa bila bunduki.

Hofu hiyo ndiyo mtaji wa William Amuri Yakutumba, aliyeunda kundi lake la wanamgambo wa Mai-Mai mwaka 2007. Anasema analinda ardhi. Lakini ukitaka kujua ulinzi huo unavyofanya kazi, tazama kiangazi, wafugaji wanapoteremsha ng'ombe kutafuta malisho katika maeneo ya Lulenge na Ngandja, huko Fizi. Kwa desturi, mfugaji humpa chifu malipo yaitwayo itulo, na wakulima hutambua kwamba mgeni ameomba njia. Vita vilipoota mizizi, wenye bunduki nao wakadai fungu lao. Ng'ombe wakiporwa, Twirwaneho, wanamgambo wa Kinyamulenge, hulipiza kisasi kwenye vijiji vya Wabembe. Vijiji vikichomwa, Yakutumba hupata vijana wapya.

Septemba 2017 alifika mbali zaidi: aliushambulia mji wa Uvira, boti zake zikipita ziwani, hadi helikopta za Umoja wa Mataifa ziliposaidia kumrudisha nyuma. Leo watu wake wanahesabiwa miongoni mwa Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, huku Twirwaneho wakiwa wameungana na M23, waasi wanaoungwa mkono na Rwanda. Ugomvi wa malisho umemezwa na vita vya mataifa.

Gharama yake inaonekana Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996, ambako wakimbizi wengi wa Kongo wanatoka Kivu Kusini. Wapo waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi. Shamba linalodaiwa kulindwa kwa jina lao hawajalikanyaga.

Mapatano madogo kabla ya kiangazi, kati ya wakulima, wafugaji na machifu, juu ya njia za mifugo na fidia ya mazao, yanastahili uzito uleule unaopewa mikutano ya amani ya Nairobi na Doha. M23 wakiondoka kesho, kiangazi kijacho ng'ombe watateremka tena, na makamanda watakuwa njiani wakiwasubiri.