Shanga za Olenguruone Hufuata Kalenda ya Bonasi

Biashara ya mavazi ya kitamaduni na mapambo ya shanga katika Olenguruone na viunga vyake, kuanzia Keringet hadi Kiptagich na Tinet, ni biashara ya sherehe. Katika nyanda hizi za baridi za Kenya, kandokando ya msitu wa Mau, mchuma chai, mkulima wa viazi na mfugaji huamka wakavaa sweta, koti zito na gambuti, na sehemu kubwa ya nguo hizo ni mitumba. Vazi la ngozi lenye shanga na simbi, mkufu mpana wa shingoni, rungu la mzee na kibuyu cha maziwa ya mursik hutoka kabatini kwa siku chache za mwaka. Siku hizo ndizo zinazomlisha mtungaji wa shanga kwa miezi iliyobaki.

Hali haikuwa hivyo zamani. Wanawake wa Kipsigis walivaa sketi na mashuka ya ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, wazee wakajitanda majoho ya manyoya yaitwayo sambut, na ndewe za masikio zilitobolewa na kutanuliwa ili zibebe mapambo ya mbao, shaba na shanga. Waogiek, wakazi wa kale wa msitu huu waliotegemea asali na uwindaji, walishona majoho ya ngozi za pimbi na perere zilizowafaa kwa baridi. Nguo ya pamba ilipoingia madukani, na mishahara ya mashamba ya walowezi ilipoanza kulipwa, ngozi ilipoteza nafasi yake ya kila siku. Wamisionari nao waliiona kama alama ya ushenzi, na makanisa mengi yakawataka waumini waiache. Kilichobaki ni vazi la heshima, linalovaliwa mtu anapooa, anapotolewa jandoni, anapotawazwa au anapomlaki mgeni.

Soko lenyewe ni la mchanganyiko. Olenguruone ya leo ina Wakipsigis wengi, Waogiek wa Tinet, Wakikuyu na wafanyabiashara wanaopanda kutoka pande za Narok na Bomet. Mchanganyiko huo una historia chungu. Serikali ya kikoloni ilianzisha hapa makazi ya Wakikuyu mwaka 1941, kisha ikawafukuza kufikia mwaka 1950 walipokataa masharti ya kilimo na ya umiliki wa ardhi. Machafuko ya miaka ya 1990 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwahamisha wengi tena. Kwa mfanyabiashara, amani ndiyo mtaji wa kwanza. Kila msimu wa uchaguzi, wenye vibanda hupunguza bidhaa wanazoweka, na wateja huahirisha harusi.

Mahitaji ya bidhaa hizi yana vyanzo vitatu vikuu. Cha kwanza ni sherehe za posa na mahari: koito kwa Wakalenjin, wakiwemo Wakipsigis, na ruracio kwa Wakikuyu. Zamani shughuli hizi zilikuwa mazungumzo ya wazee nyumbani, lakini sasa zina mahema, wapiga picha na familia nzima iliyovaa sare za rangi moja. Cha pili ni kutoka jandoni kwa wavulana katika likizo ndefu ya Novemba na Desemba, ambapo familia hununua shuka, mablanketi, marungu na vibuyu. Upande wa wasichana soko limekufa au limejificha tangu sheria ya mwaka 2011 ilipoharamisha ukeketaji, na mapambo ya wari yaliyokuwa yakitungwa kwa miezi sasa huonekana zaidi katika ngoma za maonyesho. Cha tatu ni shule. Tamasha za muziki na ngoma zinahitaji mavazi ya kikundi kizima, na mtaala wa umilisi unawafanya wazazi kutafuta shanga na nyuzi kwa ajili ya kazi za mikono za watoto.

Vyanzo hivyo vyote hutegemea fedha zinazotoka kwingine, hasa kwenye chai. Mkulima mdogo hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa majani aliyopeleka, kisha bonasi huja mara moja, kwa kawaida kati ya Septemba na Oktoba. Koito nyingi hupangwa baada ya hapo. Bonasi ikiwa nono, maagizo ya mikufu na mavazi ya bibi harusi huja kwa wingi. Ikiwa kiduchu, familia hukodisha au huazima kwa jirani. Viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, ambako Olenguruone iko, kwa kawaida hulipa bonasi ndogo kuliko vile vya mashariki, kwa kuwa chai ya huko huuzwa kwa bei ya juu zaidi katika mnada wa Mombasa. Mtungaji wa shanga asiye na hata kichaka kimoja cha chai huumizwa na mnada huo kama mwenye shamba.

Malighafi nazo hutoka mbali. Ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe hupatikana vijijini, na vibuyu hulimwa katika maeneo yenye joto zaidi. Simbi hutoka pwani. Shanga za kioo, ambazo ndizo gharama kubwa, huagizwa kutoka ng'ambo. Enzi za misafara, shanga nyingi zilizofika bara zilitoka Venice na Bohemia. Siku hizi zile za Jamhuri ya Cheki ndizo zinazosifiwa kwa kulingana ukubwa na kutopauka, huku za China na India zikiuzwa kwa bei nafuu. Mtungaji mzoefu hutambua tofauti kwa kidole. Mteja wa koito kwa kawaida haitambui, wala hayuko tayari kuilipia.

Malalamiko mazito zaidi katika biashara hii yanahusu bei hizo za jumla. Mwanamke mmoja anayetunga na kuuza shanga, ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa kuwa bado anawategemea wauzaji hao hao, anasema bei hupanda kwa ngazi na haijui kushuka. Dola moja ilipofika takriban shilingi 160 mwanzoni mwa mwaka 2024, aliambiwa kuwa shilingi imeanguka na shanga lazima zipande. Shilingi ilipoimarika hadi karibu 130 kufikia katikati ya mwaka huo, hakuona punguzo lolote la maana. Kila alipouliza, jibu lilikuwa kwamba shehena iliyopo ilinunuliwa kwa bei ya zamani.

Lalamiko lake la pili ni kukodisha. Maduka ya mijini, Nakuru na Nairobi, hununua kwake vazi moja la bibi harusi pamoja na mikufu, kisha hulikodisha mwisho wa juma baada ya mwisho wa juma. Kwa maneno yake, anayetunga hulipwa mara moja, naye anayekodisha hulipwa kila Jumamosi. Amefikiria kukodisha mwenyewe, lakini hana nafasi ya kuhifadhi mavazi wala uhakika kwamba yatarudi yakiwa mazima. Shanga zinapokatika kwenye dansi, mkodishaji humrudishia vazi alitengeneze, na mara nyingi humtaka afanye hivyo bure kama sharti la kuendelea kununua kwake.

La tatu ni shule. Maagizo yao ni makubwa na humfurahisha kila mtungaji, lakini malipo hungoja mgao wa fedha kutoka serikalini, ambao huchelewa. Anasema amewahi kukabidhi mavazi ya kikundi kabla ya tamasha na kulipwa baada ya muhula mwingine kuisha. Kuna upande wa pili pia. Mwalimu mmoja anayesimamia ngoma anaeleza kwamba watungaji nao hukawia, na kwamba vikundi vimewahi kupanda jukwaani na mavazi ya kuazima. Hata hivyo, shule inayokawia kulipa haipotezi chochote, ilhali mtungaji hupoteza mtaji wa msimu mzima.

Suala la mtaji ndilo linaloonyesha umbali uliopo kati ya maneno ya serikali na kazi yenyewe. Mfuko wa mikopo ya simu uliozinduliwa Novemba 2022 ulitangazwa kuwa mkombozi wa wafanyabiashara wadogo. Mkopo wa mtu binafsi ulianzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, urudishwe ndani ya siku 14. Riba hiyo ni nafuu kuliko ya wakopeshaji wengi wa simu. Tatizo liko kwenye siku. Vazi kamili la sherehe linaweza kuchukua wiki kadhaa kutungwa, na malipo hufuata baadaye, kwa hiyo deni huiva kabla ya bidhaa. Wanaokopa humo mara nyingi hufanya hivyo kwa ajili ya chakula au nauli. Fedha za kununulia shanga bado hutoka kwenye vyama vya akina mama, ambako mzunguko hupangwa na wanachama wenyewe na unaweza kusogezwa mmoja wao akikwama.

Takwimu rasmi hazisaidii sana kupima ukubwa wa biashara hii. Utafiti wa serikali wa mwaka 2016 ulikadiria biashara ndogo na za kati nchini kuwa takriban milioni 7.4, na kati ya hizo karibu milioni 5.85 hazikuwa na leseni. Watungaji wengi wa shanga, wanaofanyia kazi barazani mwa nyumba zao, wangeangukia kundi hilo la pili, lisiloacha nyayo kwenye vitabu vya kodi wala vya kaunti. Kwa hiyo makadirio yoyote ya thamani ya shanga za Mau yanayosomwa kwenye warsha yapokewe kwa tahadhari.

Hata kuhesabu watu wenyewe kuna utata. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu Waogiek 78,691. Ile ya mwaka 2019 ikawahesabu 52,596. Kwa karatasi, jamii ilipungua kwa theluthi moja ndani ya miaka kumi, wakati Wakipsigis walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 1.9. Hakuna tauni wala njaa inayoeleza pengo hilo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wengi huandikwa, au hujiandikisha wenyewe, chini ya majirani wao wakubwa. Jambo hilo linatokea pia sokoni. Mkufu uliotungwa na Mwogiek huuzwa kama wa Kipsigis, na ukifika kwenye maduka ya watalii, aghalabu huitwa wa Kimaasai, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo mgeni analijua na kulilipia. Jamii hizi zimeazimana mitindo kwa vizazi, lakini bei nzuri hulifuata jina moja tu.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya kijadi na sanaa za kitamaduni ilikusudiwa kurekebisha hali hiyo. Inazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la sanaa na maarifa ya jamii zao, na inampa mwenye sanaa haki ya kumdai fidia anayeiga akijinufaisha. Viongozi huitaja kila msimu wa tamasha za utamaduni. Kwa mtungaji wa Tinet, ulinzi huo bado ni wa karatasi: mitindo yake hupigwa picha, hutumwa kwenye mitandao ya kijamii na kuigwa kwa plastiki kabla ya yeye kumaliza oda.

Sheria nyingine imeshika barabara. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka uliofuata. Ngozi za perere na mbega haziuzwi hadharani, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliongeza ukali wa adhabu. Mafundi wamegeukia ngozi ya mbuzi na manyoya bandia. Wazee hulalamika kwamba joho la manyoya bandia halina uzito wa heshima, lakini ni wachache walio tayari kufikishwa kortini kwa ajili ya sambut. Waogiek wana hoja ya ziada: msitu uliowavisha si wao tena. Mahakama ya haki za binadamu ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwa faida yao tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua.

Kuhusu utalii, ahadi ni nyingi kuliko wageni. Watalii wa eneo hili huenda mbuga ya Ziwa Nakuru au huteremka Maasai Mara, na Olenguruone haiko kwenye njia yao ya kawaida. Wanaofaidi wageni hao ni wachuuzi wa kando ya barabara kuu na malango ya mbuga. Matumaini ya kweli yako karibu zaidi. Wakalenjin walioko mijini na ng'ambo huagiza mavazi ya koito kwa simu, bangili zenye majina na rangi za bendera hununuliwa mwaka mzima, na vibuyu vilivyopambwa vimepata soko jipya kama zawadi, labda kwa kuwa Wakenya wameona wanariadha wakinyweshwa mursik kwenye uwanja wa ndege wanaporejea na medali.

Bidhaa hizo ndogo zinaweza kusawazisha mapato ya mwaka, ingawa faida yake kwa kila kipande ni haba na ushindani kutoka Narok na Kajiado ni mkali. Ongezeko la sherehe nalo linaweza kuendelea, au likapungua familia zikichoka na gharama. Mkopo unaolingana na msimu wa kazi, na ununuzi wa shanga kwa pamoja kupitia vyama, vingemsaidia mtungaji kuliko tamasha lingine la utamaduni. Hadi hapo, faida kubwa itaendelea kubaki kwa muuzaji wa jumla na mkodishaji, na hasara ya msimu mbaya itabaki kwa yule anayeshika sindano.