Taa ya ABC Ikiwaka Kwenye Mercedes SL ya Zamani: Pima Kwanza, Ndiyo Ulipe

Ukipita Sanaiya ya Sharjah utakuta Mercedes SL 500 za miaka ya 2000 zikiuzwa kwa bei ambayo hata vijana wa saiti wakichanga watatu wanaipata. Wanunue, watengeneze, wauze. Hatukatazi. Ila jueni kwamba mara nyingi kilichoishusha bei ni herufi tatu kwenye dashibodi: ABC.

ABC ndiyo mfumo unaobeba gari. SL hii iliyotoka 2001 haitegemei shokapu za kawaida. Kila kona ina springi na silinda ya haidroliki, na pampu inasukuma mafuta kwa presha ya karibu bar 200, wakati tairi lako lina bar 2 na kitu tu. Pampu hiyo imeunganishwa na ya usukani.

Sasa taa imewaka. Usikimbilie kubadilisha spea. Fuata mpangilio huu, kuanzia cha bei nafuu.

Kwanza, angalia rangi ya maandishi. Yakiwa meupe, nenda taratibu hadi gereji. Yakiwa mekundu, au gari limelala chini, simama na uite gari la kubeba. Mafuta yakiisha pampu inajisaga, vipande vya chuma vinaingia kwenye valvu, na bili ya paipu moja inageuka bili ya mfumo mzima. Nauli ya kubebwa ni nafuu sana hapo.

Pili, pima betri. Gari hili lina mbili, moja mbele na moja kwenye buti. Umeme ukiwa mdogo, kompyuta hulalamika hata kama haidroliki ni nzima.

Tatu, angalia mafuta. Yanayotakiwa ni ya kijani, aina ya CHF 11S. Mtu asikuwekee mafuta ya giaboksi eti yanafanana. Tandika kartoni chini ya gari usiku. Asubuhi ukikuta doa la kijani, tayari unajua kona inayovuja.

Nne, soma tabia ya gari. Kona moja ikishuka gari likiwa limelala, shuku valvu za upande huo. Likirukaruka au likigonga ngumu kwenye matuta, shuku zile tufe za gesi ya naitrojeni zinazotuliza presha; zinachoka kwa umri.

Tano, lipia kipimo cha kompyuta peke yake, kwenye gereji yenye mashine ya Mercedes. Kipimo kidogo cha kawaida hakisomi ABC. Dai karatasi yenye kodi na presha, halafu ipeleke kwa fundi wa pili akupe bei yake.

Jambo moja halina mjadala, ndugu zetu: usiingie chini ya gari hili kwa kutegemea jeki tu, na usifungue paipu likiwa na presha. Linaweza kushuka ghafla, na mafuta ya bar 200 hutoboa ngozi.

Sasa hesabu. Tuseme mmenunua kwa dirham 18,000, na likiwa zima linauzika 25,000. Nafasi yenu ni 7,000. Toa bima, usajili na kipimo, tuseme 2,500. Zimebaki 4,500. Fundi akisema matengenezo ni 4,000, faida ni 500 kwa watu watatu, na hapo hakuna kilichoharibika tena. Akisema 6,000, liuzeni kama lilivyo na mumwambie mnunuzi ukweli. Hasara ndogo inayojulikana ni afadhali kuliko kubwa inayokuja.

Na usijifariji kwamba utalipeleka nyumbani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na SL hizi ziliacha kutengenezwa 2011. Tena za huku usukani uko kushoto.

Ushauri wetu: kabla ya kununua, mwombe muuzaji asiwashe injini mpaka mfike. Likague likiwa limepoa, tazama limesimamaje, ndipo liwashwe. Na pesa ya ada ya watoto au ya kiwanja cha mama isiingie kwenye mchango huu hata kidogo.