Mamono Wakichapwa Kila Siku Watahama: Jinsi ya Kupanga Mafunzo ya Bure ya Ndege za Vita Mtandaoni

Hii stori unaijua. Msee amepakua DCS World siku nne juu bando inaisha kila saa. Mwishowe imeingia. Anaingia kwa kokpiti, anakuta swichi zimejaa na zote zimezima. Dakika arobaini anatafuta tu ya kuwasha injini. Akipaa hatimaye, kabla hata akunje magurudumu, kombora la mtu hajawahi kumwona linamlamba. Anarudia. Analambwa tena. Siku ya tatu anafuta gemu, anarudi FIFA.

Hapo ndipo seva hufia. Si grafiksi. Ni mamono kukosa mtu wa kuwashika mkono. Kama wewe ni mzee wa gemu na una wasee wa kurusha nao, rada ndiyo hii.

1. Lenga misheni 10 za kwanza

Vita vya Vietnam viliwafunza Wamarekani kitu: rubani akivuka misheni 10 za kwanza, nafasi yake ya kurudi nyumbani inapanda sana. Ndio maana mwaka wa 1975 jeshi lao la anga lilianzisha mazoezi ya Red Flag kule Nellis, Nevada, ili hizo 10 uzipitie mahali ukiangushwa bado unaenda kula msosi. Kazi yako ni hiyo hiyo. Hutengenezi bingwa, unavusha mtu.

2. Panga jioni tano tu

Driving school hawakupeleki Thika Road siku ya kwanza. Unaanza na ile meza ya barabara na vigari vya toy. Fanya hivyo:

- *Jioni ya 1:* kuwasha, kupaa, kutua. Tumia TF-51D, ni ya bure na haina bunduki, so hakuna mtu atajaribiwa. Ukifungua pawa yote mara moja, pua inavutwa kushoto. Mono aongeze pawa polepole huku akikanyaga pedali ya kulia.
- *Jioni ya 2:* redio na kuruka wawili wawili. Programu ya SRS inafanya sauti ziende kwa masafa kama redio ya ukweli.
- *Jioni ya 3:* kupiga vitu vya ardhini na Su-25T. Hiyo pia ni bure.
- *Jioni ya 4:* mmoja kwa mmoja, bunduki pekee, makombora hapana.
- *Jioni ya 5:* misheni fupi. Mono anafuata kiongozi, haongozi.

Mpaka hapo hajatoa hata bob ya kununua ndege. Akinogewa, anaweza kununua F-5E, aina ambayo jeshi letu la anga limerusha tangu mwisho wa miaka ya 1970.

3. Usiruke jioni ya 2

Wengi huiona boring. Cheki Oswald Boelcke, Mjerumani aliyeandika sheria za kupigana angani mwaka wa 1916: jua liwe nyuma yako, shambulia ukitoka nyuma, usimpoteze adui machoni. Mtaalamu kabisa. Oktoba mwaka huo huo alikufa baada ya kugongana na rubani wa kikosi chake mwenyewe katikati ya vita. Kama yeye ilimpata, mono wako je? Kujua mwenzako yuko wapi kunakuja kabla ya kufyatua risasi.

4. Chagua maodijo vizuri

Anayeua wengi si lazima ajue kufunza. Tafuta mwenye subira, mpe wanafunzi wawili, wasizidi. Na awe na jioni moja kwa wiki, basi. Kikundi kimoja nilichokuwa kilikuwa na odijo mmoja anayefunza kila usiku. Miezi miwili akachoka, akapotea, na darasa likaisha naye. Sheria nyingine: odijo hamwangushi mwanafunzi kwa sifa.

5. Saa iwe moja

Wasee wa kurusha wako kila nchi, so tangaza kwa saa ya Zulu kama marubani. 18:00 Zulu ni saa tatu usiku Nairobi. Stima ikipotea, mtu apewe nafasi wiki inayofuata bila maneno.

6. Ongea baada ya kuruka

Rekodi kila kitu na Tacview, halafu mrudie pamoja. Usianze na "ulikosea hapa." Anza na "uliona nini?" Mara nyingi atakuambia hakuona kitu. Sasa umejua cha kumfunza: kugeuza shingo.

Mono akimaliza jioni ya tano, mpe kazi ya kusaidia jioni ya kwanza ya kundi linalokuja. Bado anakumbuka vile kutojua swichi huuma, na odijo mkongwe alishasahau.

Wewe nani alikushika mkono ukianza? Ama ulichapwa tu mpaka ukazoea?